Siku moja ya kusi: kidonge, fomu na ukope wa kushoto

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai, kabla ya lolote, ni kidonge. Nakimeza kwa maji kidogo, kidevu nimekiinamisha kifuani, kwa kuwa dawa ya jana imeshakwisha mwilini na nikiinua kichwa maji hunitokea puani. Kinachukua kama nusu saa kufanya kazi. Nakaa dakani nasikiliza kusi ikipiga mabati, nikisubiri koo liamke nipate kula mofa bila hofu ya kupaliwa.

Ugonjwa wangu unaitwa miasthenia gravisi. Kinga ya mwili inashambulia mahali ambapo neva hupeleka amri kwa msuli, basi msuli ukitumika hulegea, ukipumzika hurudi. Ndiyo maana watu wanaoniona asubuhi hawaamini ninayosema jioni. Miaka miwili niliambiwa ni uchovu, ni presha, ni mawazo. Mama aliniandalia kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, nikanywa, wala sijuti. Yeye angalau alinitazama usoni.

Saa 2 hadi saa 4 asubuhi nafundisha Kiswahili, kidato cha tatu na cha pili. Hizi ndizo saa zangu nzuri. Naandika ubaoni mwenyewe.

Saa 4 na dakika 20, mapumziko. Nikafungua barua pepe. Hakuna kitu.

Sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili nilimtumia msimamizi mwezi wa Februari. Sasa ni Julai. Nimemwandikia mara 6, kwa adabu zote, "Shikamoo Profesa, natumai u mzima wa afya." Ujumbe wa simu anausoma, alama mbili za buluu naziona. Machi nilimweleza ugonjwa wangu, nikaomba jambo moja tu: maoni ayatume kidogo kidogo, maana ikifika jioni kila herufi naiona mbili. Hilo nalo halikujibiwa. Na fomu ya maendeleo inataka sahihi yake kufikia Ijumaa. Bila sahihi hiyo sisajiliwi muhula ujao, na kila muhula unaoongezeka ni karo inayotoka kwenye mshahara huu huu wa ualimu.

Mwenzangu chumba cha walimu akasema, "Subira, dada. Wasimamizi ndivyo walivyo." Sikubali. Mtu akiniambia hana nafasi hadi Septemba, nitapanga mambo yangu. Kimya hakipangiki.

Saa 6 mchana nilikuwa hospitalini, siku ya tatu ya homa na mkojo unaochoma. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipoingia, daktari alikuwa kijana, mgeni kwangu. Faili langu lilikuwa mbele yake na hakulifungua. Akaniuliza maswali matatu, akaandika siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria.

Ninayo karatasi niliyoifunika kwa plastiki, yenye majina ya dawa ambazo mgonjwa kama mimi hujihadhari nazo. Gentamisini imo. Siprofloksasini imo. Nikaiweka mezani. Nikamwambia kwamba mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi la siprofloksasini zibebe onyo zito kwa watu wenye ugonjwa huu, kwa sababu zinaweza kuulegeza hata msuli wa kupumulia.

"Mwalimu," akasema, "mimi ndiye daktari hapa."

Hakuigusa karatasi. Kutoujua ugonjwa huu si kosa lake. Ni wa nadra, na pengine hajawahi kumwona mgonjwa mwingine. Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwa sentimita thelathini kutoka mkono wake na hakutaka kusoma.

Nilimkumbuka yule afisa wa kliniki aliyenigundua. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Dada, hiki sikijui. Leo nitasoma, njoo kesho." Kesho yake alimtuma mtu kwa wauza samaki akaleta kipande cha barafu. Akakifunga kitambaa, akaniwekea juu ya jicho nililolifumba, dakika 2. Alipoondoa, ukope uliokuwa umeangukia nusu ya jicho ulikuwa umepanda. Baridi huusaidia msuli wa ugonjwa huu. Akaniandikia barua ya kwenda Mombasa, nikapanda boti kutoka hapa Lamu hadi Mokowe, bara, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, na huko kipimo cha damu kikathibitisha. Kilichoanzisha yote ni lile neno "sikijui".

Alishahamishwa, lakini namba yake ninayo. Nilimpigia nikiwa mlangoni. Akaomba nimpe daktari simu. Walizungumza kama dakika tano, daktari akisema "ndio, ndio" kwa sauti ya chini. Kisha akakata jina la kwanza na kuandika dawa nyingine. Hakuniangalia, lakini karatasi yangu aliipiga picha.

Saa 9 nilikuwa na kipindi kimoja tu. Nilifundisha nimeketi.

Saa 11 jioni alinipigia fundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha kisiwani hapa. Ni mzee, amepita miaka themanini, na tasnifu yangu yote imejengwa juu ya maneno yake: mkuku, mataruma, foromali, kalafati, na mengine ambayo vijana wa leo hawayasemi tena. Kila wiki huuliza swali moja, kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu, ambamo chuo ni kitabu na mato ni macho: "Chuo tayari, mwanangu?" Nikamwambia bado, babu. Akanyamaza kidogo. "Na mato?" Macho yamechoka, babu. "Basi pumua. Mimi nipo."

Neno hilo "nipo" lilinitoa machozi. Hatakuwepo daima, na sura yenye sauti yake imekaa miezi mitano kwenye kompyuta ya mtu asiyeifungua.

Saa 3 usiku nililifunika jicho la kushoto kwa pembe ya leso ili mistari iache kugawanyika. Nikamwandikia mkuu wa idara. Tarehe niliyotuma sura. Tarehe za barua zote 6. Fomu ya Ijumaa. Na ombi: kama Profesa hana nafasi, nipewe msimamizi mwingine. Mwenzangu ameshanionya kwamba barua kama hii huharibu uhusiano. Sijui uhusiano gani. Nikaisoma mara moja kwa jicho la kulia, nikaituma, nakala kwa Profesa.

Kisha nikameza kidonge cha mwisho, nikatega kengele ya saa 11.