Harlem kwa miguu, afu miguu hiyohiyo ikaambiwa icheze

Niseme ukweli, mimi sikutaka kwenda. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, nimelala masaa matatu tu, na habari za kuzunguka Harlem, mtaa wa watu weusi kule New York, masaa mawili juani afu mkimaliza mnaingia ukumbini kufundishwa dansi nilikuwa sizitaki hata kuzisikia. Ila tiketi alishanunua wifi yangu, mke wa kaka, na wifi ni Mtanga wa Ngamiani, hela yake ikishatoka hairudi bure. Akanipigia saa tatu asubuhi, "Wifi, usipokuja namwambia kaka yako umeshakuwa bibi." Nikavaa raba nikatoka. Hizo raba zikumbukeni, nitazirudia.

Tunakaa New Jersey kwa hiyo ni treni mpaka Penn Station, pale unadaka namba 2 au 3, unashuka Mtaa wa 125. Tulikuwa kama watu kumi na mbili, wastaafu kadhaa, wanafunzi, baba mmoja na binti yake, na sisi mawifi wawili na chupa yetu ya chai. Mtembezaji wetu (vijana wa Arusha wanasema tua gaidi, ila mimi hilo neno nalikwepa, gaidi kwetu ni mtu mwingine kabisa) alikuwa mzee wa hapohapo, amezaliwa hapo amekulia hapo, kofia kichwani, fimbo mkononi, na ile fimbo si ya kutembelea, ni ya kuoneshea.

Tukaanzia Apollo, ukumbi wa muziki, nje tu hatukuingia. Hapo mzee akatupa kisa ambacho nikawa nakiwaza siku nzima. Novemba 1934, usiku wa wasanii wachanga, anakuja binti wa miaka 17, maisha yake magumu, hana hata nguo ya maana, na hakuja kuimba. Alikuja KUCHEZA. Sasa waliomtangulia jukwaani wakawa ni madada wawili, Edwards Sisters, wakacheza mpaka ukumbi ukachanganyikiwa, na binti wa watu akaona hapa mimi na miguu yangu nitaaibika, bora nifungue mdomo. Akaimba, akashinda. Ndo Ella Fitzgerald huyo. Wifi akanigeukia, "Umeona? Wewe leo ukishindwa kucheza utaimba." Mimi sauti yangu kama mlango wa stoo.

Hotel Theresa tuliipita haraka, mzee akagusia tu kwamba Fidel Castro alilala pale mwaka 1960 baada ya kugombana na hoteli ya katikati ya mji, tukapanda. Pale 135 kuna Hospitali ya Harlem ambayo ukuta wake wa vioo una picha kubwa kubwa zilizokuzwa kutoka kwenye michoro ya ukutani ya miaka ya 1930, yaani unazisoma toka ng'ambo ya barabara. Mkabala nayo ni Schomburg, maktaba ya historia ya watu weusi. Humo ndani kuna ukumbi sakafu yake imenakshiwa mduara mkubwa wenye mistari kama mito, na chini ya huo mduara yamezikwa majivu ya mshairi Langston Hughes. Nikarudi nyuma hatua mbili kwa adabu, si unajua sisi kaburi hatulikanyagi. Mzee akacheka, akasema siku ile majivu yanawekwa, mwaka 1991, waandishi Maya Angelou na Amiri Baraka walicheza juu yake, wameshikana mikono, na picha ipo. Mimi malezi yangu yakawa yananikataza na moyo unaniambia lakini wifi angekuwa ndo marehemu mbona angefurahi sana.

Strivers' Row, Mtaa wa 138 na 139, nyumba za matofali za miaka ya 1890, nzuri, kimya, na kwenye nguzo za mageti bado kuna maandishi ya zamani yanamwambia mtu awatembeze farasi wake polepole. Wifi akapiga selfi na hiyo nguzo. Tuendelee.

Kilichotuleta kilikuwa Savoy. Ukumbi wa dansi wa Savoy, Lenox Avenue kati ya Mtaa wa 140 na 141, umefunguliwa Machi 1926. Mimi njia nzima nilikuwa nasubiri jengo. Najua hata likiwa bovu litakuwa jengo, mlango, ngazi, kitu. Tukafika mzee akasimama akaweka fimbo chini, nikawa naangalia huku na huku naona magorofa ya kupanga, uzio wa chuma, majani, na mama anavusha toroli la nguo za kufua. Nikamuuliza wifi, tumepotea? Mzee akanyoosha fimbo: kibao. Kibao kimewekwa mwaka 2002. Savoy ilifungwa 1958 ikavunjwa yakajengwa makazi ya watu, na sidhani kama kuna wa kumlaumu kwa watu kuhitaji pa kulala, ila jamani, ukumbi uliochukua bloku nzima, wa watu wapatao elfu nne usiku mmoja, umebaki saizi ya trei ya vikombe.

Hapo alitusimamisha karibu nusu saa na sikuchoka. Akatupimisha ukumbi kwa miguu pembeni ya uzio, tukatembea toka kona mpaka kona, akasema huu ndo urefu, sakafu ya mbao ghorofa ya pili, ndefu mpaka wenyewe wakawa wanaiita The Track, kama uwanja wa mbio. Inasemekana mbao zilikuwa zinabadilishwa kila baada ya miaka mitatu hivi kwa jinsi zilivyokuwa zinaliwa na viatu. Afu kulikuwa na majukwaa mawili, ubavu kwa ubavu, bendi hii ikimaliza ile inadaka, muziki haukatiki.

Majukwaa mawili, bendi mbili. Watu wa rika la baba yangu wakisikia hivo hawahitaji maelezo, wanasema tu: ushindani. Baba yangu ni Msondo damu damu, toka ikiitwa NUTA Jazz, na baba yangu mdogo ni Sikinde, na hawa watu wawili wa tumbo moja washawahi kususiana pilau la Idi kwa sababu ya nani kampiga nani jukwaani. Kwa hiyo mzee alipoanza kusimulia Mei 1937, Benny Goodman ambaye sa hizo ndo alikuwa anaitwa mfalme wa swingi, ile jazz ya kuchezea dansi, anapanda Harlem na bendi yake kuikabili bendi ya nyumbani ya Chick Webb, ukumbi umejaa, nje wamebaki maelfu, polisi wanazuia watu, mimi kimawazo nilikuwa nimeshafika ukumbini DDC Kariakoo kitambo. Huyu Webb alikuwa mfupi, mgongo umepinda kwa kifua kikuu cha mifupa tangu utotoni, akikaa nyuma ya ngoma zake humuoni vizuri. Alimchapa Goodman. Miaka miwili mbele akafa, ana miaka 34 tu. Mwimbaji wa bendi yake ni yule binti wa Apollo aliyeogopa kucheza.

Ngoja niseme na hili maana kwetu linachanganya. Sisi jazz ni jina la bendi. Dar es Salaam Jazz ilikuwepo toka miaka ya 1930, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz, na humo ndani ni magitaa na rumba, wala si jazz ya akina Duke Ellington. Nilipojaribu kumuelezea mzee akaniuliza kwa hiyo mlichukua jina tu? Nikamwambia mzee, tulichukua jina, na ugomvi.

Jambo jingine, na hapa sauti yake ilishuka. Bloku mbili juu, 142, ndo palikuwa na Cotton Club ya mwanzo, wapigaji weusi, wachezaji weusi, wateja weupe tu. Savoy ilikuwa kinyume, mlango ulikuwa wazi kwa wote na sakafu moja, watu walikuwa hawaangalii sura wanaangalia miguu. Aprili 1943 serikali ikaufunga, sababu iliyotolewa ni kwamba wanajeshi wanapata magonjwa ya zinaa pale, Harlem nzima ikaelewa kwamba kinachouma ni weusi na weupe kucheza wameshikana. Agosti mtaa ukalipuka kwa fujo, chanzo cha fujo ni polisi kumpiga risasi mwanajeshi mweusi, ila mzee anasema hasira za mlango wa Savoy kufungwa zilikuwemo. Ukafunguliwa tena Oktoba.

Baada ya hapo darasa. Ukumbi wa chini kwenye jengo moja si mbali, feni mbili, viti vimesogezwa ukutani. Mwalimu dada mfupi mchangamfu na mwenzake kijana mrefu. Kitu cha kwanza kaangalia viatu vyetu. Raba zangu. Akasema raba inashika sakafu, ukigeuka mwili unaenda goti linabaki, vua. Yaani mimi mkubwa mzima nikacheza na soksi, soksi zenyewe za kazini, moja ina kitobo, na wifi kavaa viatu vyake vya ngozi vya harusini anapita anateleza kama samaki. Kwa hiyo mkienda, msivae raba. Ukitembea navyo beba vingine kwenye mfuko.

Dansi yenyewe inaitwa Lindy Hop, jina inasemekana limetokana na Lindbergh aliyevuka Atlantiki na ndege mwaka 1927, ni mtindo wa Savoy kama Sikinde ilivyokuwa mtindo wa Mlimani Park. Sisi wageni hatukupewa Lindy yenyewe ya hesabu nane, tulipewa ya sita. Nyuma mbele, hiyo ni moja mbili, afu chakacha-chaka, chakacha-chaka, hatua tatu za haraka kila upande. Mwalimu hakusema chakacha bwana, hiyo ni tafsiri ya wifi, lakini ilitufaa kuliko yake maana tukawa tunaitamka mdomoni.

Akasema pindeni magoti, kifua mbele kidogo, uzito chini, msisimame kama mnapigwa picha ya pasipoti. Akaeleza kwamba Frankie Manning ndo aliyeinamisha hii dansi, watu walikuwa wanacheza wamesimama wima yeye akainama kama mtu anayekimbia, na mwaka 1935 humohumo Savoy akamrusha mwenzake Frieda Washington juu ya mgongo kwenye mashindano, watu wakapiga kelele. Baadaye muziki ukabadilika, yeye akaenda kufanya kazi posta miaka thelathini. Thelathini! Mpaka miaka ya 1980 vijana, wengine kutoka Sweden huko, wakaanza kuwatafuta wazee wa Savoy wawafundishe, wakamkuta. Kafundisha dunia nzima mpaka kafariki 2009, kabakiza mwezi mmoja atimize 95.

Sasa kuinama mimi sina shida. Aliyekulia Sinza kaona mdundiko unapita barabarani tangu hajaota meno, magoti yanajipinda yenyewe. Shida yangu ilikuwa kufuata. Kuna anayeongoza na kuna anayefuata, na kila dakika mbili mwalimu anasema zungukeni, mnabadilishana, unashikwa mkono na mtu usiyemjua, mara yule baba, mara mwanafunzi mikono imelowa jasho kuliko yangu. Na kila aliyenishika mimi nilikuwa nimeshafika kabla hajanipeleka. Nimelea wadogo zangu wanne, nafanya kazi ya kugeuza wagonjwa kitandani, hakuna mtu anayenigeuza mimi! Mwalimu akaja akanishika mwenyewe, akasema neno moja, subiri. Mkono wake hauvuti hata, uzito wa mwili unasogea kidogo na wewe unajikuta umeshaenda. Nikakosea mara sita, ya saba nikasubiri kweli na nikageuzwa vizuri na soksi yangu yenye tundu nikacheka mwenyewe kwa sauti. Wifi yeye alichagua kuongoza toka mwanzo. Hamna aliyeshangaa.

Mpangilio waliouweka, matembezi kwanza dansi baadaye, mimi nauunga mkono hata kama nyayo zilikuwa zinawaka. Wangetuanzisha na stepu ningesema haya mazoezi ya viungo tu. Lakini umetoka kupima bloku nzima kwa miguu yako, afu unaambiwa cheza hesabu sita, unajua ni sita za kwenye sakafu ipi. Nilichokosa ni bendi. Muziki ulitoka kwenye spika ndogo iliyounganishwa na simu, na mara mbili ukakatwa na tangazo la bima. Mtu ametoka kusikia habari za majukwaa mawili muziki haukatiki!

Jioni nikampigia baba, kule ilikuwa usiku lakini halali mapema. Nikamwambia yote, nikafika kwenye Goodman na Webb. Akanikatisha, "Nani alishinda?" Nikasema bendi ya nyumbani, ya Chick Webb, mpiga ngoma. "Na wale wengine walikubali?" Nikamwambia mpiga ngoma wa Goodman, Gene Krupa, alikiri mwenyewe kabisa kwamba amezidiwa.

Akanyamaza kidogo. "Huyo muungwana," akasema. "Baba yako mdogo mpaka leo hajakubali."