Karabai ya baba

Leo tumesoma hitma ya arobaini ya baba, hapa nyumbani Ujiji.

Watu wamekula, wameomba dua, wameondoka. Tumebaki sisi wa ndani.

Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza alikuwa ziwani Tanganyika na taa zake, maana dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitoka, hakuna kazi. Basi sisi watoto tulikua tukiupenda mwezi mpevu kuliko sikukuu, kwa sababu ndipo baba alilala nyumbani. Baadaye wajukuu nao wakaurithi mchezo huo: mwezi ukijaa, wote kwa babu, kwenye mkeka uani.

Jioni hii mama ameingia stoo, akatoka na karabai ya zamani ya baba. Haijawashwa miaka. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kufuta kioo kwa pindo la kanga. Taratibu. Upande mmoja, halafu mwingine. Anapuliza, anafuta tena.

Hakuna aliyesema kitu.

Mwanangu mdogo akauliza, "Bibi, babu anarudi?"

Mama akamvuta mapajani, akasema, "Hapana, baba. Lakini hakupenda taa chafu."

Nililia leo kuliko siku ya mazishi.

Karabai sasa iko juu ya meza, inang'aa. Nje mwezi umejaa.

Mwombeeni baba yangu. Na wewe uliyempoteza mzee wako, ni kitu gani chake bado mnakitunza nyumbani? Niambie, nasoma zote usiku huu.