Kutua pasipo kiwanja: ninavyochagua mahali pa kushusha helikopta ya wagonjwa

Ukirusha helikopta ya wagonjwa Ulaya, hesabu ya kwanza ni ya kutoka, si ya kuingia. Helikopta inaweza kushuka mahali isipoweza kupaa tena, kwa sababu inaingia bila mgonjwa na inaondoka naye.

Ndiyo maana napima uzito wa kuondokea eneo la ajali kabla sijawasha injini. Lita moja ya mafuta ya ndege ina takriban kilo 0.8, kwa hiyo lita 100 za ziada ni sawa na kubeba mtu mzima asiye na kazi yoyote ndani. Akiba ya kisheria siigusi, lakini mafuta ya kujifariji siyabebi, hasa siku ya joto, hewa ikiwa nyepesi na injini inachoka mapema.

Hali ya mgonjwa naomba nisiambiwe mpaka niwe nimeamua kwenda. Ukisikia neno "mtoto", mawingu mazito huanza kuonekana mepesi. Na yeyote kati yetu akisema tusiende, hatuendi, wala haulizwi mara mbili.

Kwa ukubwa wa eneo, kanuni za EASA, shirika la usalama wa anga la Umoja wa Ulaya, zinadai angalau mara mbili ya urefu wa helikopta ukipimwa panga zikizunguka. Airbus H135 ina mita 12 na ushee, hivyo mchana natafuta mita 25 kwa 25. Usiku, mahali pasipokaguliwa, urefu unakuwa mara nne: 50 kwa 25, na lazima pawe na mwanga, wa chini au wa taa zangu.

Nazunguka juu, kisha nazunguka tena chini kidogo. Waya siutafuti, maana hauonekani, natafuta nguzo. Nikiona nguzo mbili, kati yake kuna waya, hata kama macho yanakataa. Kikono cha nguzo kikielekea pembeni, kuna waya mwingine unachepuka. Ikinibidi kuvuka, navuka juu ya nguzo yenyewe, kwani hiyo naiona. Halafu naangalia vitu vilivyolegea: blanketi, turubai, koni za polisi, mlango wa gari la wagonjwa ulioachwa wazi. Upepo wa panga hauchagui.

Kosa baya zaidi ni kushuka wima kwa haraka. Mwendo wa mbele ukiwa chini ya kilomita 55 kwa saa, nawe unashuka zaidi ya futi 300 kwa dakika huku injini zinavuta, helikopta huanza kuzama kwenye hewa iliyoisukuma yenyewe. Ukiongeza nguvu, inazama zaidi. Dawa ni kusukuma usukani mbele upate mwendo, na dawa hiyo inataka kimo ambacho katikati ya miti huna. Basi nashuka kwa mshazari, upepo usoni, polepole.

Theluji laini ina mambo yake. Wingu lake huanzia mkiani na kuja mbele. Likifika usawa wa mlango wangu, magurudumu au vyuma vya kutulia viwe karibu kugusa. Nachagua kichaka au jiwe jeusi upande wangu na silitoi machoni. Sielei hewani kutafakari. Kichaka kikipotea kabla sijagusa, napanda mara moja, sisubiri kionekane tena.

Chini, tatizo linageuka kuwa watu. Wanaotaka kusaidia hukimbia kutoka upande wowote, kwa hiyo mwenzangu mmoja anashuka kwanza na kulinda mkia. Wabeba machela wanakuja kutoka mbele, pale ninapowaona, baada ya mimi kuwapungia mkono. Penye mteremko wanatokea upande wa bondeni tu: upande wa mlimani panga zinapita karibu na vichwa, na zikianza kupunguza kasi huinama zaidi.