Anderson Dawson: Waziri Mkuu wa siku saba

Serikali ya kwanza ya chama cha wafanyakazi duniani haikuundwa London. Iliundwa Queensland, Australia, ilipokuwa bado koloni. Anderson Dawson, aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya dhahabu ya Charters Towers, aliingia bungeni mwaka 1893.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa umepinda. Mwenye mali katika majimbo kadhaa alipiga kura katika kila moja, huku mkata manyoya ya kondoo anayehamahama akikwamishwa na sharti la kukaa mahali pamoja miezi 6. Kura za mali zilifutwa mwaka 1905 tu.

Novemba 1899 muungano wa vyama uliotawala chini ya James Dickson, Waziri Mkuu wa Queensland, ulipasuka, naye akajiuzulu. Dawson akaapishwa Desemba 1, akitegemea waasi wa muungano huo wamuunge mkono. Hawakumuunga, wahafidhina waliungana upya chini ya Robert Philp, na Desemba 7 serikali ikaondoka. Hesabu ya viti ilimshinda, si uwezo: Andrew Fisher, waziri wake wa reli, baadaye aliiongoza Australia nzima. Dawson mwenyewe alikuwa Waziri wa Ulinzi wa shirikisho la Australia mwaka 1904.