Bastola ya maji iliyohimili majabali ya Mabatini

Kila niliyemuuliza ninunulie watoto bastola gani ya maji alinijibu neno moja: chukua kubwa. Muuzaji mmoja wa Makoroboi, hapa Mwanza, akanishikisha lidude lenye tangi la kubeba mgongoni. "Dada, hii haifi!" Ilikufa wiki hiyo hiyo. Ilidondoka kwenye jabali nyuma ya nyumba, ikaachana palepale vipande viwili vilipogundishwa. Na mtaani kwetu Mabatini mtoto atakimbilia wapi kama si kwenye mawe?

Ushauri huo wa ukubwa ulinikera sana. Nikanunua aina tatu, zote pamoja kama elfu thelathini na kitu, nizipime mwenyewe. Moja ya kifyatulio tu, kila ukibonyeza inatema kidogo. Ya pili ni bomba la kuvuta na kusukuma. Ya tatu ya pampu: unasukuma hewa ndani ya tangi mpaka ibanane, ukifyatua hewa inasukuma maji. Hii ya tatu ndiyo kazi ya Lonnie Johnson, mhandisi Mmarekani aliyewahi kufanya kazi NASA, shirika la anga la Marekani. Wazo lilimjia 1982, zikaingia sokoni 1990.

Nilipima asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kupeperusha maji. Bastola juu ya stuli, chaki sakafuni, tepu ya fundi. Ya kifyatulio haikufika mita 5. Bomba lilipita 7 bila shida. Ya pampu ilikaribia 10 ikijaa hewa, kisha kila mfyatuo unapungua, kwa hiyo usiisifu kwa mfyatuo wa kwanza. Angalia pia tundu la mdomoni: likiwa pana maji yanatoka mengi, tangi nalo linaisha upesi.

Watoto wa kaka yangu walitaka kujazia ziwani. Nilikataa katakata. Vijidudu vya kichocho hupenya kwenye ngozi, na mchanga wa ufukweni unaziba vali. Maji ni ya bomba tu.

Sasa ile ya pampu ikaanza kuishiwa nguvu. "Shangazi, nasukuma mpaka mkono unauma, haitoi!" Jirani akashauri supaglu kila mahali. Ukipaka gundi bila kujua hewa inatokea wapi, unaziba pasipovuja. Mimi nilikoroga sabuni ya unga kwenye kikombe, nikajaza hewa, nikapaka povu kwa brashi ya viatu kuanzia mdomoni: kimya. Kwenye maungio: kimya. Kufika kwenye kifuniko cha tangi, povu likaanza kuvimba, kijipovu kimoja kikubwa kinapasuka, kingine kinakuja mahali palepale. Nimekupata! Kufungua, mpira wa ndani ya kifuniko umekatika upande. Nikaenda kwa fundi baiskeli, akanipa kipande cha tyubu kuukuu bure. Nikaweka kifuniko juu yake, nikachora duara kwa kalamu, nikakata kwa mkasi wa kucha, taratibu, kingo zisiwe na meno. Nikakibana. Povu halikuvimba tena, na maji yalirudi kwenye alama yangu ya chaki. Nilifurahi kuliko watoto!

Mpaka leo inapiga, na imeshadondoka kwenye mawe mara nyingi. Ina tangi dogo, plastiki nene, na maungio yake yamefungwa kwa skrubu. Jioni naitoa hewa na maji yote, naiweka kivulini, kwa sababu jua linafanya plastiki ikauke na kupasuka.

Ukienda kununua, usiulize ukubwa. Fungua kifuniko uone kama mpira upo. Funga, pampu bila maji, ongea bei kidogo na muuzaji, kisha elekeza mdomo wake kwenye kiganja na ufyatue. Ukisikia pumzi kali, hewa haijavuja. Akikukataza kujaribu, nenda meza ya pili.