Rimoti, Baba Mkwe na Sultani wa Kituruki

Kila niliyemweleza shida yangu alinijibu vilevile: "Nunua TV ya pili, mwekee mzee chumbani kwake." Wifi yangu wa Dar kasema hivyo. Fundi wa madishi kasema hivyo. Hata mama mmoja ninayemshonea magauni, ambaye kwake hata TV ya kwanza hana, naye kasema hivyohivyo kwa uhakika kabisa. Ndiyo maana naandika. Watu wa TV ya pili wamenitia hasara, na waliponitia hasara wakanigeuka.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Baba mkwe alihamia kwetu hapa Chumbageni, Tanga, kutoka Pangani magoti yalipoanza kumsumbua. Ni mwalimu mstaafu wa historia, mtu mpole, hana makuu, anakula chochote unachompikia ila bamia. Tatizo ni rimoti. Akishaswali magharibi anakaa kwenye kochi la pembeni, anaweka stesheni ya habari kungojea taarifa ya saa mbili, anaikumbatia rimoti kifuani, na kabla ya saa moja kamili kashalala fofofo. Saa moja kamili ndipo inapoanza tamthilia yangu. Sasa iguse hiyo rimoti uone. Macho hayo! "Nilikuwa natazama, mwanangu."

Wenye wakwe mnanielewa. Mume ungegombana naye. Mtoto ungemnyang'anya. Baba mkwe unamwambiaje? Mimi nikipita mbele yake nainama na khanga nimejitanda, halafu nimwambie "Baba, nipe rimoti"? Wa kusema alikuwa mume wangu, lakini yule alifundishwa na baba yake darasani kabisa, mpaka leo mzee akimuuliza jambo anajibu kasimama. Na mimi nimeinamia cherehani tangu asubuhi, mgongo unaniwaka, sina starehe nyingine duniani zaidi ya kumwona yule sultani wa Kituruki na wake zake wanavyotiliana sumu, tena siku hizi wanatiwa sauti za Kiswahili safi. Nililala na hasira wiki nzima.

Basi tukanunua TV ya pili, ndogo, kama laki mbili na kitu ukitia na waya na nauli ya bajaji. Fundi akavuta waya kutoka kwenye king'amuzi cha sebuleni mpaka chumbani kwa Baba, akalipwa, akaondoka zake. Jioni nikakaa kitako na chai yangu, nikaweka tamthilia. Dakika hazikupita nyingi nikasikia kutoka chumbani sauti ya sultani yuleyule. Kumbe king'amuzi kimoja kinatoa stesheni moja tu kwa wakati mmoja! Unaweza kukivutia waya mpaka Muheza, TV zote zitaonyesha kitu kilekile. Ukitaka tofauti, ununue king'amuzi cha pili na ukilipie kifurushi chake kila mwezi. Fundi alilijua hilo, na mdomo wa kusema alikuwa nao.

Baba akatoka chumbani na tasbihi yake mkononi, akakaa kwenye kochi lilelile. Kesho yake akauliza, kwa upole ule unaoumiza kuliko kelele, "Mama Nuru, mimi nina maradhi ya kuambukiza?" Nikasema hapana Baba, ilikuwa kwa ajili ya mapumziko yako. Akaitikia kwa kichwa. Watoto wakahamia chumbani kwake kutazama katuni kitandani, wakamwagia uji kwenye msala. Wiki haikuisha, simu kutoka Dar. Nani? Wifi. "Nasikia baba yangu mmemfungia chumbani." Wifi huyuhuyu! Nilikosa hata pa kuanzia. TV nikamuuzia kwa mkopo yule mama wa magauni, na salio mpaka leo nalidai.

Sasa nije kwa Bushiri.

Bushiri ni paka wetu, dume la kijivu lenye sikio moja lililochanika. Jina alimpa Baba, kwa heshima ya Bushiri bin Salim wa Pangani, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapiga Wajerumani tangu 1888 mpaka wakamkamata na kumnyonga palepale Pangani Desemba 1889. Paka huyu naye hajawahi kumkubali mtu yeyote aliyejileta na mamlaka. Kazi yake ni moja, kulala juu ya king'amuzi, kwa sababu kina joto. (Msimwache alale hapo, jamani. Manyoya yanaziba matundu ya hewa, chombo kinapata moto, kinaanza kujizima chenyewe. Chetu kilishafanya hivyo katikati ya mechi ya Simba na Yanga, na nusura aliyefungua dirisha kumtupa paka atupwe yeye.)

Siku moja Bushiri kateremka, kajinyoosha mbele ya king'amuzi badala ya juu yake. Nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikasogea upande, nikabonyeza tena. Kimya. Nikamsogeza mkia, ikakubali. Rimoti hizi hutuma mwanga ambao jicho la mtu halioni, na mwanga huo lazima ukifikie kile kijicho cha mbele cha king'amuzi. Paka akikaa katikati, hata uwe na betri za dhahabu hupati kitu.

Mwanamke mwenye cherehani na hasira haambiwi mara mbili. Nilichukua vipande vya vitenge nilivyobakiza, nikashona kijito cha kulalia, cha urefu wa paka, nikakijaza sufi, nikakitia pindo la mshono wa nyuma na nyuma ili kisifumuke. Nikakilaza mbele ya king'amuzi, sawasawa na kile kijicho. Chini ya kijito nikafutika dagaa wawili wakavu. Dagaa wakavu, msiweke samaki wa kukaanga, mafuta yatapenya kwenye kitambaa na sisimizi watahamia. Baba akiwa kwenye magharibi, mimi naweka stesheni yangu, Bushiri ananusa, anazunguka, analala. Baba anatoka, anakaa, anabonyeza.

Wallahi sikuwahi kucheka kimoyomoyo kiasi kile. Alibonyeza taratibu. Akabonyeza kwa nguvu. Akanyoosha mkono mpaka mwisho, akasimama nusu, akajaribu kutokea begani. Akafungua mgongo wa rimoti, akazisugua betri kwenye kanzu, akazirudisha kwa kuzibadilishia nafasi. Asubuhi nikazikuta zimeanikwa juani dirishani. Mume wangu akaleta betri mpya, za bei. Wapi. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyemgusa paka, maana Baba mwenyewe ana sheria kwamba mnyama aliyelala haamshwi. Mara moja mume wangu alitaka kumwondoa, mzee akamkemea: "Mwache, naye ana haki yake." Naye akasimama, akasema, "Sawa, Baba."

Aliyeniumbua ni mwanangu. Nuru yuko darasa la nne, walikuwa wamefundishwa sayansi kwamba mwanga husafiri katika mstari ulionyooka. Akasimama katikati ya sebule kama wakili: "Babu, Bushiri anazuia mwanga!" Akambeba paka, Babu akabonyeza, sultani akatoweka, akaja mtu wa habari na tai yake. Baba akakitazama kijito. Akakipapasa mshono. Akawaona na wale dagaa. Akanigeukia, akasema, "Kimeshonwa vizuri sana hiki, mama Nuru." Basi. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Lakini ujanja ule ulikuwa umeshazaa matunda, ndilo wale wa TV ya pili hawalijui. Jioni zote zile rimoti imekufa, mzee alikuwa anatazama kwa kulazimika, na mwalimu wa historia hawezi kutazama kimya. Nilikuwa nimemsikia akiguna. "Selemani gani huyu, kila siku yuko ndani na wanawake? Huyu si ndiye aliyefika mpaka kwenye milango ya Vienna?" Nikaiweka akilini. Kesho yake, saa moja kasoro, rimoti iko kifuani kwake kama kawaida, nikaketi mkekani karibu na miguu yake, nikamuuliza, "Baba, hivi yule sultani kweli alikuwepo, au wamemtunga?"

Alikaa wima. Rimoti akaiweka chini. Chini kabisa, kwenye zulia.

Akasema alikuwepo sana, Selemani, alitawala tangu 1520 mpaka 1566, akafia vitani kule Hungaria, na kifo chake kikafichwa kwa wiki kadhaa ili jeshi lisivunjike moyo kabla ya mrithi kufika. Nikamwomba anionyeshe kwenye picha yupi ni yupi. Nikaweka stesheni. Mwenyewe akaniambia, "Ongeza sauti."

Halafu akanipa habari ambayo shuleni nilipita bila kuisikia, au ilinipita nikiwa nimelala. Kwamba Waturuki hawa walifika mpaka kwetu. Katika miaka ya 1580, enzi za Murad wa Tatu, mjukuu wa huyuhuyu Selemani wa kwenye TV, alikuja nahodha mmoja akiitwa Mir Ali Bey, akateremka pwani ya Afrika Mashariki, na miji mingi ya Waswahili ikampokea kwa sababu ilikuwa imechoshwa na Wareno, waliokuwa wameipora Kilwa na Mombasa tangu 1505. Aliporudi mara ya pili na kuweka ngome Mombasa, Wareno wakaleta merikebu kutoka Goa, makao yao kule India. Na kama hiyo haitoshi, ng'ambo ya pili ya maji, upande wa bara, wakatokea Wazimba, wapiganaji waliokuwa wametoka kusini wakiangamiza miji njiani. Mwaka 1589 Mombasa ikabanwa mbele na nyuma. Mir Ali Bey akakamatwa, akapelekwa mpaka Lisbon. Wareno wakaona wasicheze tena na bahari hii, na 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, hiyo mnayopigia picha mkienda Mombasa.

Baba alipomaliza, watoto walikuwa wamesogea wote. Nuru akauliza kama Mir Ali Bey alikuwa na paka. Mzee akasema merikebu zote zilikuwa na paka, kwa ajili ya panya.

Tangu siku hiyo vita vya rimoti vikaisha, vikaanza vingine. Mwalimu wa historia anajua mwisho! Mimi nilikuwa nampenda sana yule mtoto mkubwa wa sultani, Mustafa, kijana mwenye adabu, askari wanamshangilia. Jioni moja nimeshika andazi, Baba akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu babake atamnyonga, 1553, ndani ya hema." Andazi lilinishuka vibaya. Nikatoka nje nikalia kweli, mume wangu akadhani nimefiwa. Tukalazimika kutunga sheria, nayo ndiyo ninayowasisitizia kuliko zote: maelezo wakati wa matangazo tu, na yaliyopita tu, yajayo asiyaguse. Sheria hiyo aliipeleka mume wangu, akiwa kasimama. Mzee akaikubali, kwa sharti kwamba saa mbili ikigonga hakuna wa kusema neno mpaka taarifa ya habari iishe, hata sisimizi. Ni haki yake. Mtu aliyeishi Bara miaka yote ile bila televisheni mpaka stesheni za kwanza zilipoanza 1994, huku Zanzibar kwa wenzake wanatazama picha za rangi tangu miaka ya sabini, ana deni kubwa la kutazama. Anasimulia kwamba walikuwepo watu wa pwani waliosimamisha antena kwenye milingoti mirefu kuliko minazi ili waikamate Unguja, na upepo wa kusi ukivuma picha inageuka mvua. Ving'amuzi hivi bado hajavisamehe. Anasema antena ilikuwa haidai kifurushi.

Ukiniuliza gharama, nimetumia vitenge vilivyobaki na dagaa wa mia tano. Kama mkweo hakuwa mwalimu, tafuta alichokuwa. Jirani yangu baba yake alikuwa dereva wa garimoshi reli ya Tanga, sasa anatazama naye filamu yoyote yenye treni, hata za wezi, mzee anahesabu mabehewa.

Ile ya sultani imeshakwisha. Imekuja nyingine ya matajiri wa siku hizi wa Istanbul, haina historia hata chembe, lakini Baba kasharithi kiti. Saa moja kasoro ananiita mwenyewe, "Mama Nuru, wako wanaanza." Anahakiki nyumba: hii iko upande wa Ulaya, ile iko upande wa Asia, huyu anadanganya, kwa daraja lile hawezi kufika mapema hivyo. Lalamiko lake ni moja. Anasema Waturuki wakiishiwa na masultani waje hapa Tanga wapige picha ya Novemba 1914, Waingereza walivyoteremka ufukweni na askari kama elfu nane kutoka India, Wajerumani na askari wao wa Kiafrika hawafiki hata robo yao, na wakarudishwa merikebuni huku nyuki wakiwashambulia. Waigizaji watawatafuta wenyewe. Nyuki, anasema, bado wapo.