Ya Moto, ya Mradi, ya Msabato

Fundi aliinama, akaweka kiganja chote juu ya injini kama mama anayepima homa ya mtoto. Akaniangalia, hakusema kitu. Akamshukuru mwenye pikipiki, tukaondoka.

"Ya moto," akaniambia tulipofika barabarani. "Wewe umempigia simu kwamba tunafika saa tatu, yeye saa mbili na nusu kaiwasha. Anaficha kwamba ikiwa baridi haiwaki vizuri. Pikipiki isiyo mbovu haipashwi kama kiporo, dogo."

Hiyo ilikuwa Mbalizi, Jumamosi ya mwezi wa saba mwaka 2016, na ndiyo ya kwanza kati ya pikipiki tatu tulizokagua siku ile, nikitafuta ya kununua.

Wakati huo nilikuwa nachomelea mageti pale Mwanjelwa, upande wa Sido. Grenda ipo, mashine ya kuchomea ipo (ya bosi, lakini Jumapili ilikuwa yangu), vipande vya bomba vinavyobaki kwenye mageti ya watu vipo. Nilichokosa ni pikipiki ya kuikata. Nilikuwa nimeshalewa picha kwenye simu za zile wanazoita cafe racer: siti bapa, usukani mfupi, taa moja ya mviringo, plastiki hakuna. Jina lilitokana na vijana wa Uingereza, hasa London, waliokuwa wakikimbizana kati ya mgahawa na mgahawa miaka ya 1960. Mimi ningekimbia kutoka kwa mama ntilie wa Kabwe hadi kwa mama ntilie wa Soweto, basi.

Akiba yangu ilikuwa laki 7. Fundi aliigawa kwa kijiti vumbini hata kabla hatujapanda gari: laki 4 na nusu ya kununulia, inayobaki ya kujengea. "Ukiimaliza yote kwenye kununua, utabaki unaipiga picha tu."

Nilimwitikia, lakini moyo wangu ulikuwa Tukuyu. Nilishasikia kwamba huko kuna bwana shamba mstaafu mwenye Yamaha DT 125, zile za miradi ya zamani, na kwamba anaiuza.

Tukapanda Kosta pale Uyole. Isyonje ukungu, watu wamejikunyata ndani ya makoti. Ukiteremkia Kiwira dunia inageuka kijani mpaka macho yanauma. Mzee tulimkuta kibarazani. "Ugonile," akatusalimu. Mimi ni Mhehe wa Iringa, neno pekee la Kinyakyusa nililokuwa nalo ni *ndaga*, nikalitoa hilohilo. Akacheka, nikarudi kwenye shikamoo.

Alikuwa ameifunika shuka. Alipoivua nilikaa kimya. Tangi refu, jembamba, jeupe lililoanza kugeuka rangi ya mtindi. Bomba la moshi limepanda juu ubavuni. Kwenye hendeli, mpira wa mkono wa kulia umelika ukafuata vidole vya mtu mmoja kwa miaka yote ile. Kiki mbili, ikawaka. Inalia kwa sauti ya bati, si kama bodaboda. Moshi wa bluu ukaingia kwenye migomba. Kama si fundi, ningelipa palepale na nauli ya kurudi ningeomba.

"Moshi si ugonjwa," fundi akasema. "Hii inachoma oili pamoja na petroli, ndivyo ilivyoumbwa." Lakini pampu ya oili ilikuwa imekufa, mzee alikuwa anachanganya mwenyewe kwenye tangi, akipima kwa kifuniko cha chupa ya chai. Siku ukisahau kifuniko, pistoni inaganda ndani ya silinda. Na nyuma haina shokapu mbili za pembeni, ina moja iliyolala katikati ya fremu. Kuikata hiyo ukabaki na mstari ulionyooka wa siti si kazi ya mchomea mageti.

Hayo yote ningeyameza. Kilichoniua ni kadi. Mzee aliitoa kwenye nailoni, imekunjwa mara nne, na jina lililoandikwa lilikuwa la mradi uliokwisha kabla sijaanza shule. Barua ya kumwachia hakuna.

"Walisema nibaki nayo," mzee akasema.

Hakuna aliyemtilia shaka. Lakini jina la kwenye kadi lisingeweza kuja kwangu, kwa sababu hapakuwa na wa kusaini. Mama wa pale akatuletea ndizi na maharage na maparachichi, tukala. Mimi nilikula nikiwa nimeipa pikipiki mgongo.

Njiani fundi aliongea peke yake. Kwamba nitafute yenye injini ya CG. Honda waliitoa CG 125 mwaka 1976, wakilenga nchi ambazo pikipiki inabeba mizigo na oili inabadilishwa siku Mungu akipenda. Valvu zake zinasukumwa kwa vijiti viwili, haina ile cheni ya kwenda juu inayolegea na kuanza kugonga. Wachina wameinakili mpaka basi, kwa hiyo pistoni, ringi na gasketi zake zinauzwa kama njugu, popote palipo na kijiwe cha boda. Nikamwambia mbona sura yake ni ya boda. "Sura si utaitengeneza wewe? Au unataka nikuchomelee mimi?"

Ya tatu ilikuwa Uyole, ya kijana wa bodaboda aliyekuwa anajipanga kununua Boxer. Tulifika saa kumi na moja jioni, akatupa viti na kutuambia kwa upole kwamba yeye ni Msabato. Biashara mpaka jua lizame. Fundi alisonya. Kisha nikaona anatabasamu: ile injini haikuwa imewashwa tangu Ijumaa jioni.

Jua lilipozama tukaikagua kwa tochi za simu. Injini baridi kama jiwe la mtoni. Choki juu, kiki tatu, ikashika, moshi wa bluu hakuna. Fundi akafungua plagi, nyeusi ti kwa masizi. Nilishtuka. "Huo ni mlima," akasema. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na kabureta imepimwa kama inakaa Dar. Petroli inakuwa nyingi kuliko hewa. Inarekebishika. Akainua gurudumu la mbele, akazungusha usukani taratibu: katikati unakwama kidogo, golori zimekula kishimo. Inarekebishika pia.

Halafu zamu ikawa yangu. Nilipitisha kidole chini ya fremu, nyuma ya shokapu ya kushoto, chini ya keria, nikakuta uvimbe. Nikalala chini na tochi. Fremu iliwahi kupasuka ikachomelewa, na aliyechomelea alimwaga mavi ya kuku: madoa juu ya madoa, chuma hakijashikana hata nusu. Kijana akaanza kujitetea, mara ni viroba vya viazi, mara ni barabara ya shamba. Nilimwacha aseme. Bomba la mbele ya shokapu lilikuwa zima, limenyooka, na shingo ya usukani haijawahi kuguswa. Pale palipopasuka ndipo hasa nilipopanga kupitisha grenda wiki ijayo. Sikumwambia.

Alianza na laki 5 na elfu 20. Ule mpasuko na golori vikatufikisha laki 4 na 30. Kadi ilikuwa jina lake mwenyewe. Fundi alifuta grisi shingoni kwa kitambaa cha mafuta ya taa, tukasoma namba ya chesisi tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti, mbele ya mjumbe. Mkataba kwenye karatasi ya daftari, saini nne.

Fundi anakaa Igawilo, tukaagana hapohapo. Nikashika lami peke yangu, meno yananigonga kwa baridi, nikiwaza siti ya ngozi na rangi ya tangi. Pale Sae mama mmoja akanipungia khanga.

"Boda! Kabwe shilingi ngapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba hii si boda. Nikaitazama.

"Buku, mama."

"Na kiroba changu?"

Tulikifunga kwenye keria kwa mpira. Kila tuta nililovuka nilikuwa nasikia ile weldi inalia chini yake, na mama kwa nyuma ananiambia nisiogope, niongeze mwendo, viazi havivunjiki.